Barabara ya Kabuga: Utangulizi wa Elimu ya Rasilimali

Vitabu vya fani hii vina desturi ya kumpokea mgeni kwa orodha: maji, misitu, udongo na madini upande mmoja, mitambo, umeme na mitaji upande wa pili, na siku hizi, kwenye kurasa za mwisho, elimu, afya na uthabiti wa nafsi. Orodha hizo zina kazi yake. Ubaya wake ni kwamba humfanya mwanafunzi adhani rasilimali zimekwisha kupangwa ghalani, na lililobaki kwake ni kuzihesabu. Nimeona heri nikupeleke Kabuga.

Kabuga ni mji mdogo katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, ukingoni mwa Jiji la Kigali upande wa mashariki. Barabara kuu inayoukata katikati inatoka Remera, jijini Kigali, inapita Rwamagana na Kayonza, inafika mpakani Rusumo, kisha inaendelea Tanzania hadi bandari ya Dar es Salaam. Malori yanayoleta saruji, mafuta na nguo hupita hapo usiku na mchana, na Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva wa njia hiyo muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mji wenyewe hauna ajabu kubwa: soko, kituo cha mabasi, maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wa kuchomelea mageti. Hiyo ndiyo sifa niliyoitafuta. Mahali penye ajabu kubwa humpa mwanafunzi kisingizio cha kutoangalia kwao.

Katika safari hii tutauliza swali moja tu, tena tutalirudia hadi likuchoshe: kitu hiki ni rasilimali kwa nani, na kilianza lini kuwa hivyo?

Kisa kilicho wazi kuliko vyote kiko mbele kidogo ya Kabuga, huko Musha, wilaya ya Rwamagana, si mbali na Ziwa Muhazi. Vilima vya Musha vina kasiteriti, jiwe linalotoa bati, na uchimbaji wake ulianza enzi za Wabelgiji. Mwaka 1973 kampuni za migodi nchini ziliunganishwa kuwa SOMIRWA, serikali ikiwa na hisa ndani yake, na baadaye kikajengwa kiwanda cha kuyeyushia bati huko Karuruma, Kigali. Ikaja Oktoba 1985. Baraza la Kimataifa la Bati, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likinunua bati ili bei isianguke, likaishiwa fedha. Soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati, bei ikaporomoka, na mwaka huohuo SOMIRWA ikafilisika.

Hakuna hata punje moja ya kasiteriti iliyohama Musha mwezi ule. Mwamba ulikuwa palepale. Kilichobadilika kilikuwa hesabu zilizoandikwa katika mji ambao wachimbaji wengi hawakuwahi kuuona. Tena angalia upande wa pili: wachimbaji wadogo hawakuacha. Waliendelea kwa sururu na beleshi, maana kwa mtu asiye na deni la mitambo, kilo chache za madini bado ni chakula cha watoto. Mwamba mmoja, kwa wakati mmoja, ukawa mzigo kwa kampuni na riziki kwa jirani yake.

Mwanauchumi Erich Zimmermann alikuwa amekwisha kuliona jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu rasilimali na viwanda vya dunia. Kwake, rasilimali haikuwa kitu kilicholala ardhini kikisubiri kuokotwa. Ilizaliwa pale mahitaji, ujuzi na taratibu za watu vilipokutana na kile asili inachotoa. Wanafunzi hulikubali wazo hili upesi mno, nami huwasihi walikubali polepole. Lina mtego. Mtu akishajiaminisha kwamba kila kitu ni mtazamo wa binadamu, husahau kwamba mwamba nao una ukaidi wake. Bei ikipanda mara kumi, kilima kisicho na kasiteriti hakitatoa bati.

Wakati mwingine kitu kilekile huwa tishio na neema kwa pamoja. Mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa ghafla kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka vilindini mwake, na watu wapatao 1,700 wakafa. Ziwa Kivu lina gesi hiyo kwa wingi zaidi, pamoja na methani. Hata hivyo tangu mwaka 1963 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilikuwa kikichemsha mitambo yake kwa methani ya ziwa hilo, na mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, ulizinduliwa. Tutarudi huko kwenye sura ya nishati.

Sasa turudi njiani. Ukitoka Remera kuelekea Kabuga utapita bonde la Nyandungu. Kwa miaka mingi bonde hilo lilihesabiwa kama ardhi ya ovyo: lenye maji mno kwa nyumba, lililo karibu mno na mji kuweza kuachwa bila kuguswa. Lililimwa, likalishiwa mifugo, likachoka. Baadaye likafufuliwa, likapandwa miti ya asili, na Julai 2022 likafunguliwa kwa umma kama hifadhi ya hekta zipatazo 121. Kwingineko jijini, viwanda vya Gikondo vilivyojengwa ndani ya ardhioevu vilitakiwa kuhama, na vingi vikaelekezwa eneo la viwanda la Masoro, kwenye njia hii hii yetu. Ardhioevu huchuja maji na kuyachelewesha yasishuke yote kwa saa moja. Kazi hiyo haina risiti, na kazi isiyo na risiti ni rahisi kuisahau mpaka mtaa ufurike.

Hapo Masoro kuna kiwanda cha Africa Improved Foods, kilichozinduliwa mwaka 2017, kinachotengeneza uji wenye virutubisho kwa watoto na akina mama. Kilihitaji mahindi, na mashamba ya Rwanda yana mahindi. Ungedhani hesabu imekwisha. Lakini mahindi yaliyokaushwa kwa kuanikwa chini msimu wa mvua hushika ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haifai kabisa kuingia katika chakula cha mtoto. Sehemu kubwa ya mahindi ya wakulima wa ndani ilikataliwa mlangoni. Dawa iliyopatikana haikuwa mbegu mpya wala ardhi zaidi. Kiwanda kilianza kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, mara baada ya kuvunwa, na kuyapukuchua na kuyakausha chenyewe. Siku chache zilizohamishwa kutoka ua wa mkulima hadi kwenye mashine ya kukaushia zikageuza mzigo uliokataliwa kuwa malighafi. Ninapenda kisa hiki kuliko visa vyote vya mashine kubwa, kwa sababu kinaonyesha viwanda hasa ni nini: mahali ambapo udongo, hali ya hewa, usafi, ratiba na uaminifu wa mpima mizani vinapaswa kukubaliana siku moja.

Tumefika Kabuga penyewe. Hapa maliasili inayozungumzwa sokoni ni moja: ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi milioni 13.2 nchini Rwanda, wastani wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba. Mji unapokua kuelekea mashariki, shamba la maharage na mihogo hugeuka kiwanja. Udongo haujabadilika, mvua ni ileile, ila mpango mkuu wa Jiji la Kigali umeandika kwamba kipande hiki ni cha makazi na kile cha kilimo, na mstari huo wa ramani unaweza kumpandisha jirani mmoja na kumwacha mwenzake. Ukitaka kuona sheria ikizalisha thamani bila jembe, simama kando ya mstari huo.

Ardhi hiyo iliandikishwaje? Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Hakukuwa na wapima ardhi wa kutosha kwa kazi kama hiyo, basi vijana wa vijijini walipewa mafunzo mafupi, wakapewa picha zilizopigwa kutoka angani, wakaenda shambani. Mwenye ardhi na majirani zake walisimama pamoja, wakaonyesha mpaka unapopita, na kijana akauchora juu ya picha. Sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kumpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na majina ya wake yakaandikwa pamoja na ya waume. Hati iliyotoka ilikuwa na namba na muhuri, kitu cha ofisini kabisa. Chini yake, lakini, kulikuwa na kumbukumbu ya majirani: nani alipanda mti ule, marehemu nani alilima hadi wapi. Bila kumbukumbu hiyo picha za angani zingebaki picha.

Kumbukumbu ya majirani haitolewi kila mara. Gahoromani, hapahapa Rusororo, watu waliishi kwa zaidi ya miongo miwili juu ya mashimo yaliyojaa miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahakama za Gacaca, za jamii yenyewe, zilikuja kuhukumu wahusika, zikashughulikia kesi karibu milioni 2, zikafungwa mwaka 2012, na mashimo hayo hayakuwa yametajwa. Yaligunduliwa mwaka 2018, nyumba zikabomolewa ili yachimbuliwe, na Mei 2019 mabaki ya watu zaidi ya 84,000 yakazikwa kwa heshima katika eneo la kumbukumbu la Nyanza, Kicukiro. Manusura walikuwa wamewatafuta wapendwa wao kwa miaka 24, huku wapo waliojua na wakanyamaza.

Naleta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza: ujuzi ni rasilimali ambayo mtu anaweza kuifungia kifuani, na hakuna kipimo cha kijiolojia kitakachoionyesha. Ya pili ni onyo kwa fani yetu, ambayo ina uchu wa kuita kila kitu rasilimali. Mabaki yale si rasilimali ya mtu, hata ya mtafiti. Somo lisilojua pa kusimama litaishia kupima bei ya msiba.

Nguvu za ndani ya watu, kama imani na uthabiti wa nafsi, basi, tuzisome vipi? Anza na jambo dogo. Rwanda nzima watu huweka akiba katika ibimina, vikundi ambavyo Mtanzania angeviita upatu. Watu 12 wakitoa faranga 10,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 120,000. Hakuna faranga mpya iliyozaliwa. Kilichopatikana ni fungu zima kwa wakati mmoja, la kununulia cherehani au mabati. Mpango mzima umeegemea imani kwamba aliyepokea wa kwanza ataendelea kutoa hadi wa mwisho apate. Imani hiyo ina hesabu ya kinyume na ya bati: kuitumia hakuipunguzi, na kikundi kilichomaliza mzunguko salama huthubutu kuongeza kiwango. Lakini huweza kuisha yote kwa siku moja, mtu mmoja akihama na fedha. Serikali ilianzisha ushirika wa akiba na mikopo katika kila moja ya sekta 416 za nchi, hatua nzuri, na ibimina havikufa. Nadhani sababu ni kwamba benki hukupa mkopo, ila haiji msibani.

Kwa upande wa nafsi yenyewe, nadharia utakayokutana nayo mara nyingi ni ya mwanasaikolojia Stevan Hobfoll, aliyoichapisha mwaka 1989. Anasema watu huhangaika kupata na kulinda vitu, hali kama ndoa na ajira, sifa kama kujiamini, na nguvu kama muda, fedha na maarifa. Na msongo huanza vinapotishiwa. Ndani yake mna hoja yenye uzito: kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha, na aliyepungukiwa ndiye anayezidi kupoteza kwa kasi. Ndera, jirani na Kabuga, ndiko iliko hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa na watawa wa Brothers of Charity. Anayetaka kuelewa kwa nini matibabu ya huzuni mara nyingi huhitaji pia nauli, mlo na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa, asome Hobfoll.

Asome kwa tahadhari, hata hivyo. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwaketisha watu mbele ya biskuti na figili, wakawazuia baadhi yao kugusa biskuti, kisha wakawapa fumbo gumu. Waliojizuia walikata tamaa mapema zaidi. Ikahitimishwa kwamba utashi ni akiba inayopungua ikitumiwa. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu wazo hilo upya kwa jaribio moja la pamoja, na athari iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, karibu na sufuri. Vitabu vya kujiendeleza bado vinaihubiri akiba ile kana kwamba hakuna kilichotokea. Huenda roho ya mtu haifanani na tangi hata kidogo, na sisi wa fani hii tumeisukumia sura ya tangi kwa sababu ndiyo tuliyoizoea.

Neno la mwisho kuhusu namna ya kusoma. Hesabu zitakazohitajika ni za sekondari. Aliyetoka katika jiolojia aanze na sura za imani na ujuzi, kwani ndizo zitakazomsumbua. Aliyetoka katika saikolojia aanze na madini. Mwanauchumi aanze popote, mradi kwanza achague barabara moja ya kwao, aipite kwa miguu na daftari mkononi, na amuulize kila muuzaji anayemkuta bidhaa yake ilikuwa nini juzi.