Ubelgiji: Kuhamia nyumba inayotunza joto, je, fakture itashuka kiasi gani?

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu ao Butembo, kuna mtoto, dada ao mjomba anayeishi Bruxelles ao Liège. Feza anazotuma zinafika vizuri mwezi wa nane. Lakini baridi ikianza, zinapungua, na mara ingine hazifiki kabisa. Hapa nyumbani watu wanasema: «Ametusahau.» Mara nyingi hakusahau. Feza zimeingia ndani ya fakture ya gazi.

Ndiyo sababu wapangaji wengi kule wanatafuta nyumba ambayo haipotezi joto: yenye kuta zilizofunikwa vizuri, paa lenye matandiko mazito ndani, na madirisha ya vioo viwili. Mwenye nyumba naye anajua thamani yake. Anaomba kodi ya juu, na anaongeza: «Utarudisha yote kwenye gazi.» Je, ni kweli? Jibu linahitaji hesabu ndogo, na ni vizuri ifanywe mbele ya kutia sahihi.

Blanketi haitengenezi joto

Mtu wa Lubero anayelala na blanketi mbili anajua jambo hili: blanketi haina moto ndani yake, inazuia tu joto la mwili lisiondoke. Nyumba iko vile vile. Mashine ya gazi inatoa joto, na joto linatoka pole pole kupitia kuta, paa, sakafu na madirisha. Dirisha la kioo kimoja linapitisha joto karibu mara tano kuliko dirisha la kisasa la vioo viwili. Kuwasha moto ndani ya nyumba ya namna hiyo ni kama kuweka mbabula nje kwenye upepo: makala yanaisha, na watu bado wanatetemeka.

Herufi moja, maana mbili

Inchini Ubelgiji, kila nyumba inayopangishwa inapaswa kuwa na cheti cha nishati. Bruxelles na Wallonie wanakiita PEB, Flandre wanakiita EPC. Cheti kinadumu miaka 10, na tangazo la nyumba linapaswa kuonyesha herufi yake, kuanzia A kwa nyumba nzuri hadi G (Flandre ni hadi F) kwa nyumba mbaya sana.

Lakini kila jimbo lina mizani yake. Nyumba inayohesabiwa kilowati-saa 200 kwa kila metre mraba kwa mwaka inapewa D kwenye mizani ya Bruxelles, ambako D inaanzia 151 hadi 210. Huko Liège, nyumba ile ile ingepata C, kwa sababu Wallonie C inaanzia 170 hadi 255. Basi anayetoka Bruxelles kwenda Wallonie asilinganishe herufi. Alinganishe hesabu iliyoandikwa pembeni ya herufi.

Mtego wa hesabu ya karatasi

Tuchukue mfano. Familia ya watu wanne iko Liège katika apartema ya metre mraba 75. Inatumia gazi kwa kupasha nyumba na maji ya kuoga. Jikoni inatumia umeme. Cheti cha nyumba kinasema 400, ni kusema herufi E. Apartema mpya iko na ukubwa ule ule na inatumia gazi pia, lakini cheti chake kinasema 150, herufi B. Kodi yake inazidi ile ya zamani kwa euro 100 kila mwezi.

Wengi wanafanya hivi: 400 kutoa 150 ni 250. Mara metre 75, ni kilowati-saa 18 750 kwa mwaka. Tuseme gazi ni senti 10 kwa kilowati-saa moja: ni euro 1 875 kwa mwaka, ao 156 kwa mwezi. Kodi imepanda 100, gazi imeshuka 156. Inaonekana ni faida ya euro 56 kila mwezi.

Sasa tufungue fakture ya mwaka uliopita. Familia hiyo ilitumia kilowati-saa 18 000 kwa mwaka mzima. Karatasi inawaahidi kuokoa 18 750, kumbe hawakutumia hata kiasi hicho! Mtu hawezi kuokoa gunia la makala ambalo hakununua.

Kosa linatoka wapi? Cheti kinapima nyumba, hakipimi watu. Kinahesabu kama vile nyumba nzima inapashwa kwa namna ya kawaida. Lakini ndani ya nyumba mbaya, watu hawapashi vyumba vyote. Wanawasha saluni, wanafunga mlango, watoto wanavaa sweta mbili na kulala pamoja. Mwaka 2012, watafiti Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitazama takwimu za nyumba karibu 3 400 za Ujerumani. Waliona kwamba, kwa wastani, wakaaji walitumia nishati pungufu kwa 30% kuliko ile iliyohesabiwa kwenye karatasi. Ndani ya nyumba nzuri sana, ilikuwa kinyume: watu walielekea kutumia zaidi ya hesabu.

Anza na fakture yako

Hesabu ya haki inaanza na kile ambacho ulichoma kweli. Chukua fakture ya mwisho wa mwaka, na ukiwa nayo, hata ile ya mwaka uliotangulia, kwa sababu kipindi kimoja cha baridi kinaweza kuwa kikali kuliko kingine. Tazama kilowati-saa, usitazame euro, maana bei inabadilika. Waliopitia mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gazi, wanajua. Anayetumia mazutu ahesabu karibu kilowati-saa 10 kwa kila litre.

Kwa nyumba mpya, chukua hesabu ya cheti na uzidishe kwa metre mraba: 150 mara 75 ni kilowati-saa 11 250, maji ya moto yakiwa ndani. Ongeza 10%, kwa sababu mtu akipata nyumba nzuri anafungua vyumba vyote na kupandisha joto kidogo. Digrii moja tu ya ziada inaongeza karibu 7% kwenye matumizi ya kupasha. Tunafika karibu 12 400.

Familia yetu inashuka basi kutoka 18 000 hadi 12 400. Inaokoa 5 600, ao euro 560 kwa mwaka, karibu 47 kwa mwezi. Kodi imepanda 100. Kwa hiyo haipati faida ya euro 56. Inatoa euro 53 zaidi kila mwezi.

Kuna sehemu moja ambayo kuta haziwezi kupunguza: maji ya kuoga. Yanafuata hesabu ya watu. Ili uijue, soma kipimo cha gazi mwanzo na mwisho wa mwezi wa saba, wakati hakuna anayepasha nyumba. Ikiwa ulitumia 250, zidisha mara 12: ni 3 000 kwa mwaka. Mdogo wako akija kukaa nanyi, sehemu hiyo itapanda hata ndani ya nyumba ya herufi A.

Uliza ni moto gani

Swali lingine: nyumba mpya inapashwa kwa kitu gani? Cheti kinahesabu nishati tangu inapotengenezwa, na kwa umeme kinazidisha mara 2,5. Hivi 150 ya cheti ni 60 tu kwenye kipimo chako cha umeme, ni kusema 4 500 kwa metre 75. Inaonekana kidogo. Lakini umeme ukiwa senti 30, ni euro 1 350 kwa mwaka, wakati nyumba ya gazi yenye hesabu ile ile, bila ile 10%, ni euro 1 125. Herufi ni moja, fakture ni mbili.

Na ikiwa jengo lina mashine moja kwa wote, omba kuona hesabu ya mpangaji aliyetoka. Uliza pia kama malipo ya kila mwezi ni «provision» ao «forfait». Provision inahesabiwa tena mwisho wa mwaka, na unaweza kudaiwa. Forfait ni bei iliyokatwa, hairudiwi.

Malipo ya mwezi yasikudanganye

Kampuni ya gazi inapanga kiasi cha kulipa kila mwezi. Kwa mfano wetu, kiasi cha haki ni karibu euro 103. Ikipanga 60, mtu anafurahi. Mwisho wa mwaka atadaiwa zaidi ya euro 500 kwa mara moja. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo feza iliyongojewa huku kwa minerval. Ni bora kuomba kampuni ipandishe malipo tangu mwezi wa kwanza, zaidi kwa mtu anayehamia mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, karibu na baridi kali.

Siku ya kuhama, andikeni pamoja na anayetoka namba za vipimo vyote, mutie sahihi, mupige picha. Bila hiyo, unaweza kulipia gazi ya mwingine. Anayepata bei ya kijamii ya nishati, kwa mfano kwa sababu anasaidiwa na CPAS, ahakikishe imemfuata kwenye anwani mpya.

Basi familia ya Liège ihame ao ibaki? Euro 53 kwa mwezi inaweza kuwa bei ya chumba kisicho na ukungu ukutani, ambamo mtoto hakohoi usiku na anasoma bila kuvaa koti. Wazazi wengi wataona inafaa. Lakini wajue kwamba wananunua afya na joto, si faida ya feza. Na wawaambie walio nyumbani mapema, kabla ya mwezi wa kumi na mbili, kiasi gani kitaweza kutumwa.