Pikipiki ya Zamani Huuawa na Kulala

BSA au Triumph ya miaka ya 1950 iliyoachwa bandani Pujini, kisiwani Pemba, haikuhitaji safari ndefu ili bering zake ziharibike. Zimeharibika palepale ilipoegeshwa. Bahari iko karibu na magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa hapa, na hewa ya huku hubeba chumvi na unyevu mwaka mzima. Masika ndiyo usiseme. Injini ikilala, oili huchuruzika polepole na kuacha gololi zikiwa kavu, kisha kutu hula pale kila gololi ilipogusa njia yake. Vidoa hivyo ni vidogo kama ncha ya sindano, lakini injini ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, kila kidoa kinakuwa pigo.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba bering ni nzima kwa kuwa haichezi. Ioshe kwa petroli, iache ikauke, izungushe kwa kidole huku umeisogeza sikioni. Ikikwaruza, haifai. Konrodi nayo ipime pistoni ikiwa juu kabisa: ishike, ivute juu na uisukume chini. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida yake, ila kucheza juu na chini ni dalili ya ugonjwa.

Kupata bering mpya si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, maana bering hutafutwa kwa namba wala si kwa jina la pikipiki. Chukua 6305: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Kanuni hiyo huanzia 04. Tahadhari tu, injini nyingi za Uingereza za enzi hizo zina bering za inchi. Tundu la inchi moja na moja ya nane ni milimita 28.575, na bering yenye tundu la milimita 30 itapwaya kwenye shafti hiyo hata ukiipigia gundi. Angalia pia alama ya C3, yaani nafasi ya ndani imeongezwa. Kitabu cha injini kikiitaka, usifunge isiyo nayo, kwa sababu bering ikibanwa na nyumba yake na kupata moto, nafasi hiyo hupungua.

Sasa nyundo iweke mbali. Krenkesi ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nyumba ya bering yenye kipenyo cha milimita 62, ikiongezewa joto la nyuzi 80, hutanuka kwa takriban milimita 0.11. Hiyo ndiyo nafasi unayoitaka. Pasha krenkesi nzima kwenye oveni mpaka tone la maji lichemke na kutoweka juu yake. Ukiielekezea moto wa gesi sehemu moja tu, itapinda. Ya zamani hudondoka ukiigeuza krenkesi na kuigonga taratibu kwenye ubao. Mpya, iliyolala kwenye friza ndani ya mfuko, huingia yenyewe kwa uzito wake. Iweke sawa tangu mwanzo, kwani baada ya sekunde chache haitoki tena.

Lipo jambo linaloniumiza kila nikiona injini iliyofungwa upya ikigonga tena. Ndani ya krenki za BSA na Triumph nyingi za silinda mbili umo mrija unaonasa uchafu wa oili kwa nguvu ya mzunguko. Baada ya miaka mingi hujaa tope gumu. Fundi hubadilisha bering zote, mrija akauacha, na oili haifiki kwenye konrodi. Fungua kizibo chake hata kama itabidi kukitoboa, kisha usafishe mpaka petroli itoke safi.

BSA A65, iliyoanza kutengenezwa 1962, ina udhaifu mwingine: upande mmoja krenki hukaa kwenye bushi, na oili ya konrodi hupitia humohumo. Bushi ikilika, oili huvujia pembeni na shinikizo linashuka. Kazi hiyo mpelekee mtu wa mashine ya kukereza, kwa kuwa bushi mpya lazima ichongwe ikiwa imenyooka na bering ya upande wa pili.

Ukimaliza kufunga, jaza oili, toa plagi, piga kiki mpaka uone oili ikirudi ndani ya tangi. Isiporudi, usiwashe.