Je, Wajua? Si Kila iPod Ni ya Kukimbia Nayo

iPod ya kwanza, iliyotoka mwaka 2001, ilihifadhi nyimbo kwenye diski ndogo inayozunguka, na mtikisiko wa mbio ni adui wa diski ya aina hiyo. Mwaka 2005 ikaja iPod shuffle: gramu 22 tu, haina skrini, na nyimbo zimo kwenye chipu. Hapo wakimbiaji walipata chombo chao hasa! Lakini iPod classic iliendelea na diski hadi ilipoacha kuuzwa mwaka 2014, kwa hiyo ukinunua ya mtumba, uliza kwanza kama ni ya diski au ya chipu. Tafuta pia yenye kibanio cha kushika bukta na vitufe vya kubonyeza bila kutazama, maana kidole chenye jasho huhangaika sana kwenye skrini ya kugusa.