Foleni ya Basi Huanzia kwenye Ratiba

Usafiri wa chuo unapolalamikiwa, mjadala hukimbilia idadi: mabasi mangapi, maegesho mangapi. Husahaulika swali la ni nani aliyewaita watu wote hawa kwa wakati mmoja. Mwanafunzi hatembei kwa saa za ofisi. Hufuata vipindi, leo saa 1 asubuhi, kesho saa 4, na saa hizo hupangwa na watu wa ratiba. Tuchukue wanafunzi 2,100 wanaotakiwa darasani saa 2 kamili, basi linabeba 70 na kwenda na kurudi ni nusu saa. Ili wote wafike ndani ya nusu saa ya mwisho yatahitajika mabasi 30, ambayo baadaye yatalala kituoni. Wagawe katika mikupuo minne inayopishana nusu saa, na mabasi 8 yanatosha, kwa kuwa kila moja litawahi kurudi kubeba wengine.

Chuo Kikuu cha British Columbia kiko kwenye ncha ya rasi, magharibi mwa Vancouver. Asubuhi mabasi hupanda yamefurika na kurudi karibu matupu. Mwaka 2001 chuo hicho kilitawanya saa za kuanza masomo ya asubuhi. Kadi ya U-Pass, ya safari bila kikomo kwa ada nafuu, ilikuja 2003. Kutanguliza ratiba kulikuwa busara: nafuu ya nauli ingetangulia, ingeongeza abiria kwenye mabasi yanayoacha watu kituoni.

Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo watakaosema kumbi ni chache mno kwa mchezo huo wa kutawanya saa. Lakini ukumbi unaoanza saa 1:30 haupotezi kipindi ukisogeza na mwisho wake nusu saa. Tatizo la kweli ni mwanafunzi mwenye masomo katika kumbi mbili za saa tofauti, na hilo hupungua sana saa zikipangwa kwa ndaki. Wengine watadai mabweni. Yale ya Magufuli, ya chuo hicho, yaliyofunguliwa 2017 kwa wanafunzi 3,840, yamewaondoa wengi barabarani, na yajengwe zaidi. Hata hivyo wanaopanga Sinza na Ubungo bado ni wengi. Mabasi ya mwendokasi nayo, tangu 2016, huwafikisha Ubungo tu, kabla ya mlima. Kazi ya kuanza nayo ni nyepesi: watu wawili wenye daftari pale kituoni, kuanzia saa 12 asubuhi, wakiandika kila robo saa waliopanda na walioachwa.