Jasho Jekundu na Kitambaa Cheupe

Ukipita pwani ya Makunduchi, Unguja, maji yakiwa yametoka, utawakuta kina mama wameinama kwenye mwani, jua lote liko mgongoni. Ukiwauliza habari za kazi, usishangae kusikia kuwa ni jasho la damu. Huo ni msemo, na kila mtu anauelewa. Lakini wapo watu, wachache mno duniani, ambao kwao si msemo: damu yenyewe huwatoka kwenye ngozi isiyo na jeraha wala mchubuko. Kitabibu hali hiyo huitwa hematohidrosisi, yaani kutokwa na jasho la damu, na wengi wa walioandikiwa habari zao ni wasichana na watoto.

Mwaka 2017 madaktari wawili wa Florence, Italia, waliandika katika jarida la madaktari wa Kanada habari za msichana wa miaka 21. Kwa miaka mitatu alikuwa akitokwa na damu usoni na viganjani. Ilimjia hata akiwa amelala, dakika moja mpaka tano, kisha ikakoma. Akiwa na mawazo mengi, ilizidi. Ukimfuta, ngozi ni nzima. Kinachoniuma mimi katika habari ile ni kwamba msichana alikwisha kujitenga na watu kwa aibu, na huzuni na hofu vilikuwa vimeshamwelemea. Alipopewa propranololi, dawa ambayo wagonjwa wengi wa moyo na presha wanaijua, damu ilipungua sana, ingawa haikwisha kabisa.

Inakuwaje? Kila tezi ya jasho imezungukwa na vijishipa vyembamba vya damu, kama wavu. Mtu akishikwa na hofu kubwa, vijishipa hujibana, kisha hufunguka ghafla. Inadhaniwa ndipo vinapopasuka na damu ikafuata njia ya jasho. Maelezo haya ndiyo yanayotajwa zaidi, lakini mimi hayaniridhishi. Mwaka 2008 madaktari wa Thailand walichukua kipande cha ngozi ya mgonjwa wakachunguza, wakakuta vijishimo vilivyojaa damu ndani ya ngozi, vikitokea kwenye vinyweleo na juu ya ngozi. Ikiwa ndivyo, basi hata neno "jasho" halikustahili kuwamo katika jina lake.

Mgonjwa wa namna hii daktari wa Unguja anaweza kustaafu bila kumwona. Wenye jasho jekundu lisilo damu, hao atawaona. Itazame sherehe ya Mwaka Kogwa pale Makunduchi, mwezi wa Julai: watu wamebanana uwanjani, wanaume wanachapana kwa migomba, kina mama wamejitanda kanga mpya. Kanga mpya inachuja. Ikilowa jasho, shingo na kifua huwa vyekundu, na asiyejua hushtuka. Na dawa nazo hufanya hivyo: mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini, jasho lake, machozi na mkojo huwa rangi ya chungwa au nyekundu, na asipoambiwa mapema anaweza kuiacha dawa kwa woga. Hapo ndipo hatari ilipo. Klofazimini, inayotibu ukoma, nayo hubadilisha rangi ya ngozi na ya jasho.

Ikibainika ni damu kweli, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwanza hutafutwa yaliyo ya kawaida zaidi: damu isiyoganda vizuri, chembe sahani zilizopungua, jeraha dogo lililojificha kwenye nywele. Mgonjwa akiwa na homa na amedhoofika, asingojewe hata saa moja, maana huenda ni ugonjwa mwingine wa hatari. Kagera ilipopata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, kutokwa na damu kulikuwa miongoni mwa dalili zilizotangazwa.

Halafu kuna maneno ya watu. Wengine watasema ana shetani, wengine watasema anajikata mwenyewe ili aonewe huruma. Kweli wapo wanaojiumiza, na hao pia ni wagonjwa wanaohitaji kutibiwa. Ndiyo maana daktari hana budi kukaa na mgonjwa, amfute mpaka ngozi iwe safi, kisha asubiri aone kwa macho yake damu ikitokeza upya. Tone likiwekwa chini ya hadubini, chembe nyekundu za damu huonekana; rangi ya kanga na rangi ya dawa hazina chembe hizo.

Kwa hiyo jambo hili likikufika nyumbani, watoe watu waliojaa mlangoni, umkalishe mgonjwa penye hewa. Chukua kitambaa cheupe safi umpanguse nacho, na kama simu iko karibu, piga picha kabla na baada ya kupangusa. Andika saa, na alichokuwa akifanya. Kisha nendeni Hospitali ya Makunduchi, na mkiandikiwa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, pandeni daladala ya 310 mwende mjini. Mchukue dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, na nguo aliyokuwa ameivaa. Kitambaa kile msikifue.