Ujumbe wenye kufuli: si siri yako peke yako



Siku moja, mbele ya kulipa wakulima wa kakao, mwenzangu wa kazi aliandika SMS: "Kesho saa tatu tunapita na makuta." Nilimwita palepale, nikamwambia tubadilishe siku. Alishangaa. Lakini kwetu Beni kila mutu anajua hatari ya gari linalojulikana kama limebeba makuta.

Juu ya nini niliogopa? SMS ni kama barua wazi unayomupa chofere aifikishe Butembo. Anaweza kuisoma njiani. Vilevile, kampuni ya simu inaweza kuisoma SMS yako, na mutu anayeingia katika mashini zake pia.

Usimbaji ndio dawa. Fikiria hivi: simu ya mwenzako inakutumia kufuli wazi, lakini ufunguo inabaki nao. Wewe unatia barua ndani ya sanduku, unafunga kufuli. Kuanzia hapo hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua tena. Ni yeye tu. Chofere anabeba sanduku, lakini hasomi kitu. WhatsApp inafanya hivyo kwa ujumbe wote tangu 4/2016, kwa njia iliyotengenezwa na watu wa Signal. Telegram ni tofauti: grupe na mazungumzo ya kawaida hayana kufuli ya namna hiyo, ni mpaka ufungue mwenyewe mazungumzo ya siri.

Lakini muangalie vizuri: kufuli inalinda njia, hailinde nyumba. Sanduku likishafika, linafunguliwa. Mutu akishika simu yako bila kode, anasoma yote. Ukiacha WhatsApp yako wazi kwenye ordinatere ya sibeka, vilevile. Nakala inayohifadhiwa kwenye Google Drive haina kufuli hii mpaka uiwashe wewe mwenyewe katika paramètre. Na katika grupe ya watu 200, funguo ni 200. Tena, kampuni inaendelea kuona umeandikia nani na saa ngapi, hata kama haisomi maneno.

Wengine watasema: "Mimi sina kitu cha kuficha." Sawa. Lakini sisi wa kilimo tunabeba katika simu majina ya wakulima, mahali pa mashamba yao, kilo walizouza na siku watakayolipwa. Ile siri si yetu. Ni ya mama aliyeuza magunia mawili na atarudi nyumbani peke yake kwa miguu.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi: siku ya kulipa haiandikwe kwa SMS wala kwa grupe. Anaambiwa kiongozi wa koperative peke yake, kwa ujumbe wenye kufuli unaojifuta. Na leo jioni, ndugu yangu, fungua WhatsApp yako, angalia vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kimoja usichokijua, kitoe.