Fahamu: Keneli hufanya nini ikiombwa kumbukumbu kwa bendera batili?

Kila sehemu ya keneli ya Linux inayoomba kumbukumbu huambatanisha bendera, yaani biti zinazoeleza ombi lishughulikiwe vipi. GFP_KERNEL humruhusu mwombaji kulala akisubiri nafasi ipatikane. GFP_ATOMIC hukataza kulala, maana huenda yuko katikati ya kuhudumia kifaa kisichoweza kusubiri.

Tatizo huanza bendera isiyostahili inapopenya. Chukua __GFP_HIGHMEM, inayokubali kumbukumbu ya juu. Kwenye kompyuta za biti 32 eneo hilo halina anwani ya kudumu ndani ya keneli, ilhali slabu, mgawaji wa vipande vidogo, hutakiwa kukabidhi anwani inayotumika papo hapo. Ombi la namna hiyo halitekelezeki.

Zamani slabu ilijibu kwa BUG(), wito wa kutangaza hitilafu kubwa, na mashine nzima ingeweza kuanguka: sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mgeni kakosea mlango. Toleo 4.8 la mwaka 2016 lilibadili mwenendo. Siku hizi biti batili huondolewa, ombi huendelea, na onyo huandikwa pamoja na mfuatano wa miito iliyolileta, likimtaka mwandishi arekebishe msimbo wake.

Wapo wanaoona huku ni kudekeza uzembe. Sikubaliani nao, kwani keneli iliyoganda mara nyingi haiwahi hata kuandika kosa lilitoka wapi.

Ila kichujio hiki hakioni kila kitu. GFP_KERNEL ikitumika pasiporuhusiwa kulala, bendera yenyewe ni halali, hivyo hupita. Kosa hilo hunaswa na ukaguzi mwingine, ambao watengenezaji huuwasha wakati wa majaribio.